Vidoti Vitano vya Twiga

Hekaya za wanyama huanza na hapo zamani za kale. Hii haiwezi kuanza hivyo, maana Punda bado analipa mkopo wa gari.

Miaka ishirini alibeba mizigo ya wenzake: madumu ya maji, mifuko ya saruji, magunia ya mkaa, na siku moja friji la harusi ambalo wenyewe walisahau kutoa soda ndani. Alipostaafu akasema, sasa na mimi nibebwe. Akaenda kwa wakala rasmi, jumba la vioo kando ya barabara kuu, lenye vigae vinavyong'aa hadi kwato zake zikaona haya. Akanunua gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika miaka saba, likiwa na cheti cha "Limekaguliwa na Kuthibitishwa" na dhamana ya miezi 12. Chini ya cheti ilikuwapo sahihi ya Twiga, Mkaguzi Mkuu. Twiga alipewa kazi hiyo kwa sababu anaona mbali. Kama anaona na karibu, hilo halikuulizwa kwenye usaili.

Wiki ya tatu, akitoka kununua pumba, Punda akaona kitaa cha manjano kimewaka kwenye dashibodi. Ni ile taa ya cheki injini, yenye mchoro ambao wanyama wengi hudhani ni kobe aliyelala chali. Gari lilikuwa linatembea vizuri tu. Halikutoa moshi, halikugonga, halikuzima. Ila likisimama kwenye foleni lilitetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa anayejikaza mbele ya wageni.

Mbuni, jirani yake, ndiye aliyetangulia kutoa ushauri. "Jirani, kata plasta nyeusi ubandike hapo. Mimi yangu ina mwaka wa nne sijaiona." Gari la Mbuni lilikuwa uani juu ya matofali tangu mwaka juzi, na Kanga alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma.

Sungura naye, ambaye hekaya hata isipomhusu hujipenyeza, alifika na kimashine mfukoni. "Buku tano tu, mzee wangu, naifuta sasa hivi." Ndivyo alivyouza magari kwa nusu ya kijiji. Anafuta taa alfajiri, mteja anakuja saa nne, jioni gari ni la mteja, na keshokutwa taa nayo ni ya mteja.

Punda akamkatalia. "Nina dhamana," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema ana mjomba wizarani.

Mapokezi alimkuta Tausi, aliyempa kahawa na kiti ambacho hakikuumbwa kwa ajili ya punda. Gari likapelekwa kwa Kasuku, msomaji wa mashine, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kasuku akachomeka waya kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani, yenye matundu 16. Nitaje hapa, kwa kuwa pale hakuna aliyeitaja, kwamba soketi hiyo si mali ya wakala. Wamarekani waliilazimisha kwenye magari mapya kuanzia toleo la mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na namba za msingi zinazotoka humo zilifanywa kuwa za aina moja kwa makusudi, ili fundi yeyote azisome.

"P0171!" akasema Kasuku.

"Maana yake nini?" akauliza Punda.

"P0171," akajibu Kasuku, safari hii polepole, kama anavyojibiwa mgeni asiyejua lugha.

Meneja wa huduma alikuwa Fisi. Tai nyekundu, manukato, kicheko kilekile. Fisi wa porini simlaumu, yeye akikuta mzoga humalizia tu kilichokwisha kufa. Huyu wa karakana alikuwa na subira ya kukiuguza.

"Mzee wangu, hiyo ni sensa ya oksijeni. Imechoka. Laki tatu na themanini."

"Dhamana je?"

"Dhamana inahusu kilichovunjika, mzee. Hii haikuvunjika, imechoka."

Ikawekwa mpya. Ikaongezwa ada ya kupima, Sh 60,000. Taa ikafutwa. Mwisho akapita Twiga, akainamisha shingo kidogo, si sana, shingo ile ina heshima zake, akachovya brashi kwenye kopo la rangi ya kijani na kuweka kidoti kimoja juu ya injini. Kidoti kilimaanisha pamekaguliwa. Punda akapewa risiti, na njiani njaa ilipombana akaitafuna. Tusimcheke. Sisi zetu hatuzili, tunazitupa tu, na tumbo la Punda angalau lilifaidi.

Siku mbili kimya. Ya tatu, kobe akawaka, chali vilevile.

Sitaki kukuchosha na miezi iliyofuata, ingawa yeye ilimchosha. Safari ya pili walisafisha nozeli. Safari ya tatu walibadilisha pampu ya mafuta, laki sita na ishirini. Safari ya nne ilikuwa zamu ya sensa ya hewa. Kila mara Kasuku alisema P0171, kila mara Fisi akasema ni kitu kingine, kila mara taa ikafutwa, na kila mara Twiga akapita na brashi. Safari ya tano taa ilijizima yenyewe asubuhi ileile ya kwenda, kama jino linavyoacha kuuma ukifika mlangoni mwa daktari. Karatasi ya kazi ikaandikwa: "Mteja analalamikia taa. Gari limekaguliwa. Hakuna kosa lililoonekana." Kidoti cha tano kikawekwa juu ya kutoonekana huko.

Safari ya sita zilikuwa zimebaki siku nne dhamana iishe. Fisi alimkaribisha mwenyewe, akamshika bega.

"Mzee wangu, tumekuwa tukikwepa kukwambia. Ni masega."

Masega ni lile kopo kwenye bomba la moshi, ambalo ndani lina vijitundu kama sega la nyuki vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana wezi hulifuata usiku na msumeno. Bei ya jipya, Sh 2,800,000.

"Na la zamani?" akauliza Punda.

Macho ya Fisi yakang'aa kidogo. "Usijali, mzee. La zamani tutakusaidia kulitupa."

Kilichomwokoa Punda siku hiyo ni umaskini. Angekuwa na milioni mbili na laki nane angelipa, maana alikwishazoea. Hakuwa nazo, akaondoka. Akiwa amesimama kivulini akiwaza kurudia mkokoteni, Mbuzi muuza supu akamwambia aende nyuma ya soko, kwenye mkorosho mkubwa, amwulizie Panya Buku.

Ukoo wa Panya Buku si wa kubeza. Ndugu zake wako Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na hata kifua kikuu kwenye makohozi. Huyu alichagua magari. Gereji yake ilikuwa kivuli, boksi la spana, na mkeka.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuhusu mashine. Aliuliza.

"Kaka Punda, linatetemeka likiwa la baridi au la moto?"

"Yote mawili. Likisimama."

"Likikimbia?"

"Linatulia."

"Taa huwaka tuli, au hupepesa?"

"Tuli."

"Vizuri. Ikiwaka tuli una muda wa kunitafuta. Ikianza kupepesa, egesha. Hapo injini inatupa petroli ambayo haikuungua, nayo inakwenda kuungulia ndani ya masega, na hapo ndipo utayanunua kweli."

Punda aliduwaa. Miezi kumi na moja na ushee, vigae, kahawa, kiyoyozi, na hakuna aliyewahi kumwuliza gari linaumwa lini.

Ndipo Panya Buku akatoa mashine yake, ndogo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, akaichomeka kwenye soketi ileile. P0171. Hakuifuta. Alichukua kalamu akaandika namba kwenye boksi la plagi, na chini yake akaandika vitu vingine: mwendo wa gari wakati kosa liliponaswa, joto la injini, mizunguko.

"Kompyuta hupiga picha ya dakika ile kosa linapotokea," alisema. "Ukifuta taa unafuta na picha. Wenzako wa kule wamefuta mara ngapi?"

"Nne. Mara ya tano ilijizima yenyewe."

"Basi wamechoma jalada mara nne, halafu wanasema hawana ushahidi."

"Lakini kwa nini hukaa siku mbili tatu ndipo irudi? Mimi hudhani imepona."

"Kompyuta haina haraka ya kusema. Kosa la namna hii ikiliona safari ya kwanza hulitia moyoni. Ikiliona tena safari nyingine, ndipo inakuwashia. Hizo siku mbili tatu ulizokuwa unashangilia, yenyewe ilikuwa inahesabu."

Akawasha injini, akaiacha kwenye silensa bila kukanyaga mafuta, akamgeuzia Punda kioo cha mashine. Palikuwa na asilimia 24. Akamwambia akanyage hadi mizunguko 2,500 aishikilie hapo. Ile 24 ikashuka, ikashuka, ikasimama kwenye 5.

"Unajua hiyo ni nini?"

Punda alijua mizigo, hakujua asilimia.

"P0171 maana yake hewa imezidi, petroli imepungua. Ndiyo hiyo tu, haijataja kifaa chochote. Sasa sikiliza. Mlangoni kuna sensa ya hewa, karani wa forodha, anahesabu kila hewa inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu yake. Huku nyuma kwenye moshi kuna sensa ya oksijeni, inanusa kilichotoka. Yule wa nyuma anasema, jamani, hewa ni nyingi kuliko tulivyoandikiwa. Kompyuta inamsikiliza, inaongeza petroli. Kwenye silensa imeongeza asilimia 24. Ikifika hapo na hali haijatulia, inakuwashia taa. Kwa hiyo kuna hewa inaingia bila kupita forodhani."

"Inapita wapi?"

"Njia ya panya," alisema Panya Buku, bila kucheka. "Na mimi ndiye panya."

Kisha akaeleza kwa nini ile namba ilishuka gari lilipokanyagwa. Mwizi wa kikombe kimoja cha maji, akiiba kwenye mtungi, nyumba nzima inajua. Akiiba kwenye kisima, nani atajua? Tundu ni lilelile. Kwenye silensa injini inanywa hewa kidogo, kwa hiyo ya magendo ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, ya halali inakuwa nyingi, ya magendo inamezwa humo. Pampu ya mafuta ingekuwa mbovu mambo yangekuwa kinyume, injini ingezidi kulia njaa kadiri unavyoikanyaga.

"Kumbe pampu ilikuwa nzima," akasema Punda.

"Ilikuwa nzima."

"Na sensa ya oksijeni?"

"Kaka, yule ndiye shahidi pekee aliyesema kweli tangu mwanzo. Walimfukuza kazi siku ya kwanza. Wakamwajiri mpya, naye akasema yaleyale."

Panya Buku alikata kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha juu ya injini pole pole, kama daktari kifuani mwa mtoto. Akasimama. "Inasonya," alisema. Punda akainamisha sikio lake, ambalo kwa jambo hili lilikuwa zana nzuri kuliko zote pale, akasikia kweli: msonyo mwembamba, mrefu, wa mke aliyekwisha kusema na hakusikilizwa.

Panya Buku alitaka kuona kwa macho. Akazima injini. Akamtuma mwanawe kwa bibi kuazima chetezo, na kwa Mhunzi kuazima mvukuto. Chetezo kikawekwa chini, mbali na gari, ubani ukatiwa juu ya kaa, na moshi ukasukumwa kwa mvukuto kupitia mpira mrefu hadi kwenye koo la kuvutia hewa, matambara yakaziba penginepo. Mbuzi aliyekuwa anapita aliuliza ni gari la nani linapungwa pepo. Dakika ya kwanza hakikutoka kitu. Ya pili, kwa nyuma, chini kabisa, ukachomoza uzi mweupe wa moshi ukipanda kati ya mabomba, na gereji nzima ikanukia harusi.

Palikuwa na bomba la mpira nene kama kidole gumba, linalorudisha pumzi za injini ndani ili ziungue. Limekunjwa kiwiko. Panya Buku akalichomoa, akalipangusa kwa kanga kuukuu. Kwa joto la miaka lilikuwa limekauka kama ngozi ya ngoma. Upande wa juu palikuwa na vidoti vitano vya kijani, vimepangwa safi, cha kwanza kimeanza kufifia na cha tano kingali kinang'aa. Akaligeuza. Chini ya vidoti, upande ambao shingo ya Twiga haikuwahi kufika, palikuwa na ufa wa urefu wa punje mbili za mchele.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Panya Buku akaubana ufa kwa vidole ukajifunga, akauachia ukafunguka. Ukajifunga, ukafunguka. Kama mdomo.

Bomba jipya lilikuwa Sh 15,000, ufundi Sh 10,000. Alipolifunga akaangalia tena mashine: asilimia 3 kwenye silensa, na gari limetulia kama maji mtungini. Punda alitaka kulipa na kushangilia palepale. Panya Buku akapokea ya bomba, ya ufundi akaikataa.

"Hiyo utaniletea wiki ijayo. Taa kuzima si kupona, hata Sungura anaizima. Endesha siku saba, mjini na barabara ndefu, asubuhi ya baridi na mchana. Kompyuta itajipima yenyewe. Ikinyamaza, niletee elfu kumi."

"Na masega?"

"Masega yana namba yake, P0420, na hata hiyo siku ikitokea inakwambia ukatazame, haikwambii ukanunue. Yako hayajaitwa. Na ukirudi kule kudai haki yako, usiende na maneno. Chukua hili bomba. Na zile risiti."

Punda aliangalia kwato zake.

Siku ya nane alileta elfu kumi. Siku ya tisa akaenda kwa wakala. Tausi akampa kahawa. Fisi akalipokea bomba kwa kitambaa, akalitazama juu, akatabasamu.

"Unaona mwenyewe, mzee wangu. Tumelikagua mara tano."

"Geuza."

Fisi hakugeuza. Alimwita Twiga. Twiga akalitazama kutoka kule juu, akasema kwa taratibu zilizopo ukaguzi hufanyika sehemu inayoonekana, na sehemu inayoonekana ilikuwa salama. Kasuku, ambaye hakuitwa, akasema P0171.

"Nirudishieni sensa yangu ya zamani," akasema Punda. "Na pampu. Vilikuwa vizima."

"Vilitupwa."

"Nirudishieni hela."

"Dhamana imekwisha, mzee. Na hata ingekuwapo, ungetuonyesha risiti. Unazo?"

Punda akameza mate. Zote nne zilikwishapita tumboni; karatasi ya safari ya tano ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na hiyo ilisema hakuna kosa lililoonekana. Fisi akacheka, kile kicheko chake, akamgeuzia mgongo kumpokea mteja mwingine.

Wapo wanaosema asante ya punda ni mateke. Sijui aliyetunga hivyo alikuwa amemtendea nini. Teke la Punda siku hiyo halikumgusa mtu. Lilipita kando ya Tausi, likapiga kioo kikubwa cha mapokezi, kikamwagika chote kwenye vigae kama mahindi yanayopakuliwa.

Akatozwa Sh 450,000, akalipa. Risiti ilitoka dakika hiyohiyo, ina muhuri, tarehe, namba ya gari na jina lake kamili. Hiyo hakuitafuna. Iko kwenye droo ya gari, imekunjwa pamoja na bomba lenye vidoti vitano, na taa haijawaka tangu mwezi wa tatu.